Kufuli Halizuii Unyevu

Anayekodi stoo Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja huanza na maswali mawili: kodi ni kiasi gani, na ulinzi ukoje. Akiridhika na majibu hununua kufuli kubwa, huzungushia magodoro na makochi nailoni, hutia vyombo kwenye maboksi ya dukani na nguo kwenye mabegi ya shangazi kaja, hupanga vyote hadi ukutani, kisha hufunga mlango na kwenda zake. Miezi minane baadaye mlango ukifunguliwa, kufuli liko palepale na hakuna kilichoibiwa. Lakini godoro lina madoa meusi, kabati limevimba miguu, viatu vya ngozi vimeota ukungu, na boksi la vitabu likiinuliwa linaacha kitako chake sakafuni pamoja na mchwa. Hasara hii huitwa bahati mbaya. Mimi naona si bahati: kwa sehemu kubwa inatokana na namna tunavyofungasha. Tunajikinga na mwizi, ambaye huenda asije, na kuuacha unyevu, ambao kwa hali ya hewa ya mwambao lazima uje.

Jambo lenyewe linawagusa watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Serikali ya Tanzania ilipoanza kuhamishia wizara zake Dodoma mwaka 2016, watumishi walilazimika kuamua wabebe nini na waache nini, na si kila aliyehama alipata mara moja nyumba ya kutosha vitu vyake vyote. Wapo wanaokwenda Muscat, Doha au Dubai kwa mikataba ya miaka miwili, wakirudisha nyumba kwa mwenyewe na kutafuta pa kuacha samani. Yupo anayejenga polepole, ambaye ameshanunua vigae, masinki na milango ya mninga kabla ukuta haujafika kwenye lenta. Wapo warithi ambao hawajakubaliana nani achukue nini. Vyumba wanavyokodi ni vya kila namna: kontena la futi 20 lililowekwa uani kwa mtu, fremu ya duka iliyokosa mpangaji, kipande cha godauni kilichotengwa kwa mbao, chumba cha chini katika nyumba kongwe ya mawe. Kilichomo ndani mara nyingi ni akiba ya nusu ya maisha, na hakuna mshahara utakaoirudisha kwa mwaka mmoja.

Tuanze na hewa yenyewe. Unyevu wa hewa ya mwambao wetu kwa wastani huzunguka asilimia 75 hadi 80 ya kiwango ambacho hewa inaweza kubeba. Alfajiri hupanda kupita 90, na alasiri ya kiangazi hushuka kuelekea 60. Wahifadhi wa makumbusho na nyaraka huichukua asilimia 65 kuwa mpaka wao: chini yake mbegu za ukungu hulala, juu yake huanza kuamka, na kuanzia 70 huota kwa urahisi pakiwa na joto na chakula. Joto tunalo mwaka mzima. Chakula ni karatasi, gundi ya boksi, pamba, ngozi, hata vumbi lililotua juu ya plastiki. Mbegu zenyewe zimo hewani kila mahali na hakuna usafi unaozimaliza. Kwa hiyo vitu vya mtu wa pwani huishi juu ya mpaka ule kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nyumbani hatuuoni ukungu kwa sababu nyumba inakaliwa: madirisha hufunguliwa, feni huzunguka, kitanda hutandikwa na kutanduliwa, nguo huvaliwa, hufuliwa na kuanikwa. Matumizi ya kila siku ndiyo yanayovikausha vitu vyetu bila sisi kukusudia. Siku tunapovifungia stoo tunaviondolea kinga hiyo yote kwa mara moja.

Kontena linaonyesha jambo hili wazi kuliko chumba kingine chochote. La futi 20 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 33. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba kama gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo maji ya hewa yote iliyomo hayafiki lita moja. Hayo ni machache. Mengi yamo kwenye vitu vyenyewe. Samani za mbao zilizokaa katika hewa yetu huwa na maji kiasi cha asilimia 15 ya uzito wa mbao kavu, maana yake nusu tani ya vitanda, makabati na meza ina zaidi ya lita 60 za maji ndani yake, na mkono ukiigusa hausikii kitu. Mchana jua linalipiga bati, ndani kunakuwa tanuri, na mbao, maboksi na magodoro yanatoa sehemu ya maji yao hewani. Usiku chuma kinapoa haraka. Hewa ile ya nyuzi 30 na asilimia 80 huanza kuacha maji inapogusa kitu chenye nyuzi 26 tu, na paa la chuma lililo wazi kwa mbingu hushuka hapo kabla ya alfajiri. Matone hujikusanya juu na kuangukia vilivyo chini. Wasafirishaji wa kahawa wanaijua vizuri mvua hii ya ndani ya kontena. Ndiyo maana hutundika mifuko ya kalsiamu kloridi inayonyonya maji na kuzitandika kuta kwa karatasi nene kabla ya kupakia magunia. Mwenye kontena la stoo hupanda juu ya paa kutafuta tundu na hulikosa, kwa kuwa paa ni zima na maji yametoka kwenye kabati.

Sasa fikiria nailoni katika hali hiyo. Samani huzungushiwa mara tano au sita ili isipate maji, na kwa mzunguko huohuo maji yaliyomo yamezuiwa yasitoke. Godoro la sponji lililolaliwa hadi asubuhi ya siku ya kuhama, likafungwa likiwa na jasho na joto la mwili, linabaki na unyevu wake ndani ya ngozi isiyopitisha hewa, na madoa huanza pale linapogusana na nailoni. Nitajibiwa kwamba nailoni huzuia vumbi, mikojo ya panya na maji ya paa linalovuja. Ni kweli, na sisemi itupwe. Nasema ifunike, isifunge. Kwanza shuka kuukuu la pamba au kanga, ambayo hupitisha hewa na kupokea jasho la kitu, kisha nailoni au turubai juu yake kama paa, pande za chini zikiachwa wazi. Kufunga kabisa kunafaa kwa vitu vidogo tu vilivyokauka kwelikweli, kama kamera, simu za zamani au albamu ya picha, vikiwekwa ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na chembe za silika. Na hapo pia kuna hesabu yake: silika hunyonya takriban theluthi ya uzito wake, kwa hiyo kipakiti cha gramu mbili kilichotoka kwenye boksi la viatu hakiwezi kulinda sanduku la nguo, sembuse chumba. Mkaa ambao wengi huutegemea husaidia harufu zaidi kuliko maji.

Maji hayatoki hewani peke yake. Sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya udongo bila nailoni ya kuzuia unyevu chini yake huvuta maji ya ardhini na kuyapandisha, na boksi lililokaa juu yake huyapokea kidogokidogo usiku na mchana. Kuta nazo zina mambo yake. Nyumba kongwe za mawe ya matumbawe za Unguja, Lamu na Mombasa zilijengwa kwa chokaa, na kuta zake zilikuwa zikinywa maji na kuyaachia. Plasta ya saruji iliyopakwa juu yake miaka ya karibuni imeziba njia ya kutokea, na maji yamebaki ndani ya ukuta yakipanda. Vyumba vya chini vya nyumba kama hizo hukodishwa kwa urahisi kuwa stoo, kwa sababu hakuna anayetaka kulala humo. Kabla ya kulipa kodi, mtu anaweza kuipima sakafu kwa njia wanayoitumia mafundi: kipande cha nailoni angavu chenye upana wa kama nusu mita hubandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne na kuachwa hadi kesho yake. Kukiwa na matone kwa chini, au zege likiwa limegeuka rangi, sakafu inatoa maji. Aangalie pia ukuta kwenye usawa wa magoti. Unga mweupe wa chumvi na rangi inayobanduka kwa mstari mmoja ni alama ya mahali maji yanapofika kila mwaka. Ni afadhali kukagua chumba Aprili, masika yakiwa yamekolea, kuliko Septemba ambapo kila chumba huonekana kikavu. Na asiyeweza kusubiri msimu awaulize wapangaji waliokuwepo msimu uliopita, wala asimuulize dalali.

Wengine watasema wazee wetu waliweka vitu miaka hamsini bila silika wala vipimo vya sakafu, na vikadumu. Ni hoja nzuri, na nadhani inanisaidia mimi. Wakulima walijenga vihenge na vichanja juu ya nguzo, na mahindi ya mbegu wakayatundika juu ya moshi wa jiko. Bibi zetu wa mwambao waliweka kanga na mashuka kwenye makasha ya mbao ngumu pamoja na karafuu maiti, na jua la kiangazi lilipofika wakavitoa nje, wakavianika na kuvikunja upya. Vitu vyao vilidumu kwa sababu viliinuliwa, vilikaushwa na viliguswa. Ujuzi huo haujapotea hata leo: muuza vifaa vya ujenzi wa Buguruni au Kongowea halazi saruji juu ya sakafu tupu. Huitandikia mbao, huiacha mbali na ukuta, na huuza kwanza iliyotangulia kuingia, kwa kuwa anajua mfuko uliovuta unyevu hugeuka jiwe. Muuzaji huyohuyo akihama nyumba, godoro lake na vitabu vya watoto wake huvilaza chini na kuvibana ukutani. Tumeizoea kanuni hii kwenye biashara na kwenye shamba, ila hatujaihamishia kwenye stoo ya vitu vya nyumbani.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kufungasha inapaswa kufanyika kabla boksi la kwanza halijafungwa, na sehemu hiyo ni kukausha. Anayeweza kuchagua wakati achague Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua ni chache, au miezi ya kipupwe baada ya masika kuisha. Magodoro yapigwe jua pande zote mbili kwa siku mbili nzima na yaingizwe ndani kabla ya magharibi, maana umande wa jioni hurudisha kilichotoka. Makabati yafunguliwe milango na droo zitolewe, yakae kivulini penye upepo. Juani mbao hupasuka na gamba la juu hubanduka. Vitabu visimamishwe vikiwa vimefunuliwa. Friji lizimwe siku mbili kabla, liyeyuke, lifutwe hadi kwenye mipira ya mlango, na likiwa stoo mlango wake ushikiliwe wazi kwa kijiti, kwa sababu friji lililofungwa likiwa na unyevu kidogo tu huota ukungu ambao harufu yake haitoki. Mashine ya kufulia imwagwe maji yaliyobaki kwenye mipira. Nguo zifuliwe na zisitiwe wanga, kwa kuwa wanga ni chakula cha mende na wadudu wengine. Maboksi ya bure kutoka dukani yachunguzwe kwenye mikunjo. Yaliyobeba biskuti au unga mara nyingi hubeba na mayai ya mende, na anayeyatumia huwapeleka wadudu stoo kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kuhama watu wana haraka, kirikuu kinasubiri nje na wabebaji wanadai hela yao, ndiyo sababu kukausha huku kusiachiwe siku hiyo.

Baada ya hapo inafuata nafasi. Kishawishi cha anayelipia chumba ni kukijaza hadi dari, kwa kuwa kila sentimita ameilipia. Lakini vitu vinavyobanana na kuegemea ukuta havina hewa inayopita, na pembe ya nyuma isiyofikika ndiko uharibifu huanzia. Paachwe shubiri moja kutoka ukutani na njia ya mtu mmoja katikati, na kila kitu kisimame juu ya paleti au mbao zilizolazwa juu ya matofali. Kuinua kunafaa dhidi ya maji, na dhidi ya mchwa kunafaa kwa sababu nyingine isiyosemwa sana. Mchwa wa ardhini hawatembei mwangani. Hupita ndani ya vijia vya udongo wanavyovijenga wenyewe. Boksi likikaa sakafuni huingia kwa chini kupitia ufa wa zege, na hakuna anayewaona hadi kurasa ziishe. Likikaa juu ya matofali hulazimika kupandisha kijia kwenye tofali, na mtu mwenye tochi hukiona mara moja. Tofali haliwazuii mchwa, ila linawaumbua, na kwa mali inayokaguliwa hilo linatosha. Mengine ya kupanga watu wanayajua: vizito chini, sahani zisimame kwa ukingo, televisheni isilazwe, na chakula kisiingie kabisa, hata nusu kilo ya mchele iliyosahaulika kwenye sufuria, kwa sababu panya akishaingia kwa ajili ya mchele hubaki kwa ajili ya makochi.

Karibu na bahari kuna na chumvi. Upepo huleta chembe zake na kuzitua juu ya kila kitu. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji ya hewani hadi kuyeyuka unyevu unapofika kama asilimia 75. Ndiyo maana ya mezani hulowa wakati wa masika bila kumwagiwa chochote. Chembe hizo juu ya cherehani, baiskeli, jenereta au nyuma ya redio hugeuka kuwa utando wa maji ya chumvi, na chuma huanza kuliwa kimya kimya. Mashine ikifunikwa ikiwa na chumvi yake, imefungiwa na kinachoiharibu. Ifutwe kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi safi, ikaushwe, ipakwe mafuta mepesi ya mashine, na betri zitolewe kwenye saa, rimoti na tochi. Petroli iliyo kwenye jenereta na mtungi wa gesi havina nafasi yoyote stoo, hata kwa wiki moja.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba wezi wapo, moto upo na mafuriko yapo, na kwamba kuhangaikia ukungu ni kuhangaikia dogo. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na Gikomba ya Nairobi imeungua mara nyingi. Bonde la Msimbazi lilifurika Desemba 2011 na kuua watu, na karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani imeingiwa na maji zaidi ya mara moja tangu mabasi hayo yaanze kazi mwaka 2016. Siyapunguzi hata kidogo. Mafuriko yenyewe yanaingia moja kwa moja katika hoja hii, kwa kuwa swali la kwanza la ukavu ni chumba kiko wapi: stoo ya bondeni, au iliyo chini ya usawa wa barabara, haifai hata ikikodishwa kwa nusu ya bei. Kuhusu wizi na moto, naomba tofauti moja itazamwe. Stoo nyingi zitapita mwaka bila kuvunjwa wala kuungua. Hakuna stoo ya pwani itakayopita mwaka bila masika. Kufuli zuri linunuliwe, mlinzi alipwe, nyaya za umeme zikaguliwe. Ninachopinga ni bajeti inayoishia hapo, na imani kwamba mlango ukiwa imara kilicho nyuma yake kiko salama.

Kuna anayeona kwamba ushauri huu ni wa wenye fedha. Gharama zake ni matofali kumi na mawili, mbao chache, mashuka yaliyochakaa na jua. Nailoni ya kuzungushia nyumba nzima ya samani mara nyingi ni ghali kuliko hivyo vyote. Kinachogharimu kweli ni muda, na hapa sina njia ya mkato ya kumpa msomaji. Stoo ya pwani inahitaji kufunguliwa, kila mwezi ikiwezekana, na walau kabla ya masika na baada yake. Ifunguliwe mchana wa jua, kati ya saa tano na saa kumi, mlango na madirisha yakiwa wazi, droo zikivutwa nje, mashuka yakikung'utwa. Asubuhi na mapema hewa imejaa maji, na siku ya mvua kufungua ni kuukaribisha unyevu. Aliye Muscat au London ampe ndugu funguo na nauli, aombe video badala ya maneno, na aangalie miguu ya makabati na matofali kuliko anavyoangalia kama televisheni ipo. Kwa aliye Dodoma hali ni nafuu, kwa kuwa mvua zake hukusanyika kati ya Desemba na Aprili na miezi mingine ni mikavu, ingawa mchwa na vumbi havimsamehe. Wa Nairobi asijione salama kwa sababu ya baridi: usiku wa Julai hulifanya paa la kontena lidondoshe maji kama la Mombasa.

Pia si kila kitu kinastahili kuwekwa. Kodi ya miezi kumi na minane kwa ajili ya kochi ambalo sponji yake imeshalegea inaweza kuzidi bei ya kochi jingine, na kochi hilo likiwa na ukungu huambukiza vilivyo jirani. Auze, agawe, abaki na vichache vyenye nafasi ya kupumua. Hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, na picha za marehemu visiende stoo kamwe. Vipigwe picha, vitolewe nakala, na vyenyewe vikae kwa mtu anayelala ndani ya nyumba. Vilivyobaki viandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la leo linaweza kuwa picha za simu: kila boksi na namba yake ubavuni, si juu, na picha ya kilichomo kabla halijafungwa. Orodha hiyo ndiyo itakayomwambia anayekagua aanze na boksi lipi, na ndiyo ushahidi pekee wa hali ya kitu kilipoingia.

Ushahidi huo unahitajika kwa sababu ya swali la mwisho, la nani anawajibika. Watu hudhani mwenye stoo atalipa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, humtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza ya kwake. Lakini mwenye chumba aliyekuachia ufunguo na kukuacha uweke kufuli lako anaweza kusema, tena kwa msingi, kwamba hakukabidhiwa mali yoyote bali alikupangisha nafasi. Bima ya moto na wizi inapatikana, ila bima za mali kwa kawaida hazilipi uharibifu wa taratibu kama kutu, ukungu na wadudu. Kinachobaki ni mkataba, na mikataba mingi ya stoo husema sana kuhusu tarehe ya kodi na karibu haisemi lolote kuhusu chumba chenyewe. Wenye stoo wanaweza kufanya mengi: kuinua sakafu juu ya uwanja, kuezekea kontena paa la pili la makuti au bati ili jua lisilipige moja kwa moja, kutoboa matundu ya hewa yenye wavu juu na chini, kuziba nyufa za zege. Watayafanya wapangaji wakianza kuulizia ukavu kama wanavyoulizia mlinzi, na wakiwa tayari kulipa zaidi kidogo kwa chumba kikavu na kukikataa cha bei nafuu chenye chumvi ukutani. Kwa sasa, anayekwenda kutia saini aombe mambo matatu yaandikwe: kwamba mwenye chumba anawajibika kwa paa linalovuja na maji yanayoingia sakafuni, kwamba atatoa taarifa mara moja chumba cha jirani kikipatikana na mchwa, na kwamba mpangaji ana ruhusa ya kufungua na kupunga hewa siku yoyote ya kazi bila malipo ya ziada. Stoo inayokufungulia siku ya kuleta kodi peke yake haifai kwa mali ya pwani, hata kama geti lake lina walinzi wawili. Na atakayeipata ruhusa hiyo aanze kuitumia mwanzoni mwa Machi, mvua zikiwa bado ni za hapa na pale.